Miezi saba kuunda injini isiyowaka

BABA yangu mdogo aliishika injini yangu kwa vidole viwili, akaigeuza mara moja, akaipeleka karibu na taa, kisha akanirudishia.

"Mwanangu," akasema, "hii haizunguki."

Nilicheka. Injini yenyewe inaenea kiganjani. Imetengenezwa kwa plastiki, makopo ya soda, kalamu na waya wa umeme. Itazungukaje? Lakini mzee hakuwa anatania. Ameshika spana kwa zaidi ya miaka 30, na alikuwa ameona kosa ambalo mimi nilikaa nalo mezani miezi minne bila kuliona.

Tutafika huko. Kwanza nieleze mwandishi wa soka alifikaje kwenye injini.

Mwaka jana kwenye bonanza la waandishi nilikwenda kukaba mpira ambao haukuwa wangu, kifundo cha mguu kikageuka. Wiki tatu ndani, mguu juu ya mto. Mechi zote nazitazama kwenye simu. Siku moja nikakutana na picha ya mtu wa makamo aliyekaa mbele ya injini ya gari la mbio ya ukubwa wa kiberiti. Plagi zipo, waya zipo, nati zipo. Kila kitu kakitengeneza mwenyewe.

Nikajisemea, kumbe kuna watu hawakuacha.

KILA MTU ALIANZA HUKU

Shabiki wa soka aliyekulia uswahilini alipitia viwanda viwili. Cha kwanza kilitengeneza mpira: matambara, mifuko ya nailoni, kamba ya katani, basi chandimu inaanza. Cha pili kilitengeneza gari: boksi au waya, matairi ya kandambili zilizokatika, na fimbo ndefu yenye usukani juu. Hakuna aliyetununulia. Tuliangalia basi linapita barabarani, tukaenda nyumbani kulitengeneza.

Huko Ulaya, Marekani na Japan wapo watu wazima wanaoendelea na kazi hiyo, ila wao wameipeleka mbali sana. Wamegawanyika makundi mawili.

Kundi la kwanza linanunua seti ya kiwandani yenye vipande tayari, wanaunganisha na kupaka rangi. Hapa bingwa ni kampuni ya Tamiya ya Japan. Hawa jamaa hawana mzaha. Walipotaka kutoa gari dogo la Porsche 934 katikati ya miaka ya 1970, bosi wao Shunsaku Tamiya alinunua Porsche 911 nzima, ikavunjwavunjwa ili waone kila kitu kilichomo ndani.

Kundi la pili halinunui seti. Linaanza na sifuri: karatasi ya plastiki, kipande cha shaba, picha na rula. Mwingereza Gerald Wingrove alijenga jina duniani kwa kutengeneza hivyo magari ya kipimo cha 1 kwa 15, na akaandika vitabu kufundisha wengine.

Mimi sikuwa na hela ya seti. Kwa hiyo kundi langu lilishajichagua lenyewe.

KWA NINI HII, SIYO NYINGINE

Injini niliyoichagua inaitwa Cosworth DFV. Kama hufuatilii Formula One, chukulia hivi: ni mchezaji mmoja aliyecheza misimu 19 kwenye ligi kuu, timu nyingi, na kuondoka na mataji 12 ya madereva.

Hadithi yake inaanzia mwaka 1966. Kanuni za Formula One zilibadilika, injini zikaruhusiwa kutoka lita moja na nusu hadi lita 3. Colin Chapman, bosi wa timu ya Lotus, hakuwa na injini ya maana. Akaenda kwa Ford ya Uingereza, ambayo ilikubali kutoa pauni 100,000. Kazi akapewa Keith Duckworth wa kampuni ndogo iitwayo Cosworth. Jina hilo ni vipande viwili vilivyounganishwa: Costin na Duckworth, waanzilishi wenyewe.

Juni 4, 1967, kule Zandvoort, Uholanzi, injini ikaingia uwanjani kwa mara ya kwanza ndani ya gari la Lotus 49. Graham Hill alianza nafasi ya kwanza, akaongoza mizunguko ya mwanzo, kisha meno ya gia za taimingi yakamwangusha. Mwenzake Jim Clark alianza nafasi ya nane. Hakuwahi kuliendesha gari hilo kabla ya wiki ile. Akapita mmoja mmoja, akashinda.

Clark alikuwa Mskoti. Siku 10 tu kabla ya hapo, Waskoti wengine, Celtic, walikuwa wamebeba Kombe la Ulaya pale Lisbon kwa kuifunga Inter Milan. Nadhani kule Scotland watu hawakulala wiki hiyo.

Kuanzia mwaka 1968 Cosworth ilianza kuiuza DFV kwa timu nyingine. Mwaka 1969 mbio zote 11 za ubingwa wa dunia zilishindwa na magari yenye injini hiyo. Zote. Ushindi wa mwisho, wa 155, ulikuja Detroit mwaka 1983, Michele Alboreto akiwa na gari la Tyrrell.

KIUNGO MKABAJI

Lakini siyo mataji yaliyonifanya niipende. Ni kazi yake isiyoonekana.

Kwenye magari mengi ya zamani injini ilikuwa kama abiria. Gari linajengwa, kisha injini inawekwa ndani ya fremu, inabebwa. Kwenye Lotus 49 mwili wa gari unaishia mgongoni mwa dereva. Baada ya hapo hakuna fremu. Injini yenyewe inafungwa kwa bolti nyuma ya mwili, giaboksi inafungwa nyuma ya injini, na miguu ya matairi ya nyuma inashikilia humo humo. Ukiitoa injini, gari linabaki vipande viwili.

Yaani injini inasukuma gari na wakati huo huo ndiyo uti wa mgongo. Wazo hilo lilishajaribiwa na wengine kabla, lakini hawa ndio waliolifanya likawa desturi.

Sisi tunaoandika soka tunamjua mchezaji wa namna hiyo. Hafungi, hapigwi picha, lakini siku akikosekana timu inakatika katikati. Kiungo mkabaji.

Ndiyo maana upande wa mbele wa DFV ni bapa, ili ukae sawasawa na mgongo wa dereva. Pampu za maji na za oili zimeshushwa chini, ubavuni. Bomba za hewa 8 zimesimama juu katikati ya V kama tarumbeta. Bomba za moshi 8 zinatokea nje, nne kila upande. Unapoanza kuitengeneza kwa mkono ndipo unagundua kwamba hakuna kitu kilichowekwa pale kwa urembo.

HESABU YA 12

Nilichagua kipimo cha 1 kwa 12. Maana yake kila kitu unagawa kwa 12.

Silinda ya DFV ina upana wa milimita 85.67. Kwangu ni milimita 7.1. Pistoni inatembea milimita 64.77. Kwangu ni 5.4. Ile spana namba 13 ambayo kila fundi wa mtaani anayo, bolti yake kwenye kipimo hiki ina kichwa cha milimita moja na nukta. Na lita 3 za injini nzima zinabaki sentimita za ujazo 1.7, hazijazi hata nusu ya kijiko cha chai.

Sasa hapo ndipo pana kazi. Ukikosea nusu milimita mezani, kwenye injini ya kweli umekosea milimita 6. Fundi gani atakubali pengo la milimita 6?

Vipimo vingine havijaandikwa popote unapoweza kuvipata, kwa hiyo unapima kwenye picha. Unatafuta kitu kimoja ambacho unajua ukubwa wake, unapima kwa rula, unapiga hesabu ya uwiano, unapata vingine. Ila picha inadanganya. Kilicho karibu na kamera kinakua, kilicho mbali kinasinyaa, na ikipigwa kwa pembeni mstari wote unahama. Shabiki yeyote aliyewahi kupigania ofsaidi kwa kuangalia kamera ya pembeni ananielewa. Unahitaji picha tatu, nne, za kitu kile kile, kisha unaamua kama VAR.

KALAMU, MSHUMAA NA FUNDI VIATU

Wenzetu wana mashine ndogo za kukerezea chuma. Mimi nilikuwa na wembe, msasa, rula ya chuma, gundi ya super glue na subira ya kulazimishwa na mguu.

Bloku nilijenga kwa zile kadi za plastiki zinazobaki ukishatoa laini ya simu. Unazikata, unazipanga moja juu ya nyingine kwa gundi, zikikauka unachonga kwa msasa. Niliomba kwa mawakala watatu wa mtaani kwetu. Mmoja aliniuliza kama nina biashara gani. Nikamwambia natengeneza injini ya V8. Akaniangalia, akanipa zote.

Tarumbeta 8 za hewa zilinisumbua wiki nzima, kwa sababu mdomo wake umefunguka kama ua. Jibu lilikuwa kwa fundi viatu. Zile pete ndogo za chuma ambazo kamba ya kiatu inapita zimefunguka hivyo hivyo. Nane, shilingi 500.

Bomba za moshi ni waya wa umeme wa soketi, ule wa 2.5, pamoja na ganda lake. Shaba ya ndani ni moja na ngumu, ukiikunja inabaki ilipo. Waya za plagi zilitoka kwenye hedifoni zilizokufa sikio moja.

Nati ndizo zilizonifurahisha kuliko vyote. Chukua kalamu ya kawaida ya Bic, ile ya ganda linaloonyesha ndani. Toa wino. Ganda lina pande sita, sawa na nati, na katikati lina tundu. Lizungushe juu ya mshumaa taratibu mpaka lilegee, kisha livute pande mbili bila papara. Linarefuka na kuwa jembamba kama uzi, lakini angalia kwa makini: bado lina pande sita, na tundu bado lipo. Ukilikata kwa wembe kama unavyokata bamia, kila kipande ni nati. Nilizikata zaidi ya mia, nyingine zikaruka na mpaka leo sijaziona.

Ligi ilipopamba moto nilirudi uwanjani kikazi, lakini kila usiku nikimaliza kutuma stori nakaa mezani nusu saa. Mwezi wa nne injini ilikuwa na sura. Nikaona sasa inafaa kuonyeshwa kwa mwenye macho.

"HAIZUNGUKI"

Baba mdogo aliacha gereji miaka miwili iliyopita. Mikono ilianza kutetemeka. Mwanzo kidogo, halafu ikafika siku akashindwa kuingiza bolti kwenye tundu lake, kijana wake wa kazi akamsaidia mbele ya mteja. Hakusema kitu. Jioni akafunga boksi la spana, na tangu siku hiyo ukimtembelea utamkuta barazani na redio. Mechi anasikiliza, magari hazungumzii.

Nilimsalimia shikamoo, nikampa injini. Ndipo akasema yale.

"Haizunguki kivipi, baba mdogo?"

"Silinda zako za kulia na za kushoto zimetazamana uso kwa uso. Pistoni hii na hii zinashika krenki sehemu moja, sivyo? Sasa konrodi mbili zitakaaje mahali pamoja? Zitagongana. Lazima upande mmoja usogee mbele kidogo, konrodi zikae ubavu kwa ubavu. Hata zile V8 za waheshimiwa ziko hivyo."

Nilirudi kwenye picha usiku ule ule. Kweli. Safu moja ya silinda imetangulia nyingine. Ni kitu kidogo, kwenye kipimo changu hakizidi unene wa sarafu. Nilikuwa nimetazama picha zile mamia ya mara. Ndiyo maana bomba zangu za moshi zilikuwa hazikai kama za kwenye picha, na mimi nilikuwa nazilaumu bomba.

Sasa fanya nini? Kuirekebisha maana yake ni kukata bloku katikati na kuanza upya karibu nusu ya kazi. Kuiacha maana yake hakuna atakayejua. Ukiifunika na mifuniko yake, ukaweka waya na tarumbeta, watu 99 kati ya 100 watasema hongera.

Nilijua wa mia ni nani. Nikaikata.

KRENKI YA KIBANIO CHA KARATASI

Jumamosi iliyofuata nilibeba vipande nikaenda navyo barazani, nikafanyia kazi pale. Mzee alitazama kwa nusu saa bila kusema. Kisha akaniuliza krenki iko wapi.

"Sijaweka. Ikifungwa haionekani."

Hakunijibu. Akaingia ndani, akatoka na koleo ndogo na kibanio cha karatasi, akaanza kukikunja. Mikono ilitetemeka, nisidanganye. Lakini alikuwa amekandamiza viwiko kwenye magoti, na kila tetemeko linapopita ndipo anakunja. Anasubiri, anakunja. Anasubiri, anakunja. Nilitaka kumsaidia, nikajizuia.

Alikuwa anaikunja kwa mtindo wa msalaba, mkono mmoja juu, mwingine pembeni, kama krenki za V8 anazozijua. Hapo nikapata nafasi yangu ya pekee.

"Baba mdogo, hii siyo ya msalaba. Ya DFV ni bapa. Mikono yote iko mstari mmoja, juu na chini tu, kama ya injini ya silinda nne."

Akasimama kukunja. Akafikiri.

"Kwa hiyo ni kama injini mbili za silinda nne zimefungwa pamoja?"

"Ndiyo."

"Basi mlio wake siyo ule wa kuunguruma. Huu unalia juu." Akatabasamu. "Kama zile Escort za Safari."

Hapo alikuwa karibu kuliko alivyodhani. Ford Escort iliyoshinda Safari Rally mwaka 1972 ikiendeshwa na Hannu Mikkola, na ile ya Björn Waldegård mwaka 1977, zote zilikuwa na injini iitwayo BDA. Ilitoka Cosworth, nyumba ile ile ya DFV. Nilipomwambia, akaniambia alisimama porini akiwa kijana kuzisubiri zipite, vumbi mpaka kwenye meno. Stori hiyo sikuwahi kuisikia. Redio ilikuwa inatangaza mechi na hakuna aliyekuwa anaisikiliza.

Tangu Jumamosi hiyo tukawa tunakutana kila wiki. Mimi nakata, yeye anakagua. Vitu vidogo sana anashindwa, anavikataa mwenyewe. Lakini kabla ya gundi, kila kipande kinapita kwake. Alivirudisha vingi. Mdomo wa pampu ya maji ulirudi mara tatu.

Nilimsimulia pia yale meno ya gia yaliyomwangusha Hill Zandvoort. Tatizo hilo liliisumbua DFV kwa miaka, kwa sababu krenki ilikuwa inatetemesha gia za mbele. Dawa aliyoipata Duckworth baadaye ilikuwa kuweka ndani ya gia vijiti vyembamba vya chuma vinavyojipinda kidogo kama springi, vikapokea mtetemo badala ya meno. Mzee akasikiliza mpaka mwisho.

"Hakuuondoa mtetemo," akasema. "Aliutafutia pa kukaa."

Mwezi wa saba tukafika siku ya kufunga bloku. Krenki ya kibanio ikalazwa kwenye vitundu vyake vitano. Kabla sijapaka gundi baba mdogo akanizuia, akashika ncha yake kwa koleo, akaizungusha taratibu mzunguko mmoja kamili. Haikugusa kitu.

"Funga," akasema.

Nikafunga. Injini iko juu ya kabati barazani kwake, siyo kwangu, na wageni wakiuliza inatengeneza nini anawaambia haitengenezi kitu. Boksi la spana limerudi chini ya kiti chake. Wiki iliyopita nilimkuta na kijana wake wa zamani wa gereji amekuja na silinda hedi ya Noah kwenye gunia, mzee ameinama juu yake, anamwelekeza kwa kidole.

Mimi nimekwishaanza kukusanya kadi za simu upya. Safari hii ni BDA, silinda nne, ameichagua yeye.